Kona Isiyo na Mtu

Kuna jambo moja ambalo mgeni anayekuja kutembezwa mjini kwa baiskeli haambiwi: kiongozi wa msafara hageuki nyuma. Akigeukageuka, usukani unayumba, na wote wanaomfuata wanayumba naye. Basi yeye hutazama mbele tu, na kila anapotaka kukata kona humsimamisha mgeni aliye nyuma yake na kumwambia, "Wewe baki hapa, waonyeshe wenzako njia mpaka Mkia apite." Mkia ndiye mwendeshaji wa mwisho. Akifika pale konani humchukua yule aliyesimamishwa, safari ikaendelea. Kona isiyo na mtu maana yake ni nyoofu, usikate. Kwa mtindo huo msafara hata uwe mrefu vipi haukatiki, na kiongozi hana haja ya kuuliza kama wote wamefika. Kuuliza ni kumtukana Mkia.

Sheria hiyo Filimbi alifundishwa na kaka yake. Jina la Filimbi ni la kazini, kwa sababu ya ile filimbi iliyoning'inia shingoni mwake, na pia, walisema wenye maneno yao, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kaka yake ndiye aliyekuwa Mkia. Dada mbele, kaka nyuma, wageni katikati. Mwenye baiskeli, ambaye wote walimwita Bosi ingawa viatu vyake vilikuwa vimechakaa kuliko vya mtu yeyote pale, alikuwa akiwaambia wageni kuwa wamezibwa na undugu pande zote mbili, hawana pa kupotelea. Wageni walicheka. Kaka hakuwa mcheshi. Yeye alikuwa akipiga makofi mawili kumhimiza mgeni anayechelewa, basi, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake.

Kisha baba yao akafariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kesho yake baada ya maziko, kaka aliondoka asubuhi na mkokoteni kurudisha viti vya kukodi. Viti vilifika. Mtu hakurudi.

Walimtafuta kila mahali anapotafutwa mtu. Hospitalini hayupo, polisi hayupo, na kule chumba cha maiti, ambako Filimbi aliingia peke yake ili mama asiingie, pia hayupo. Ndugu wakasaidia siku za mwanzo, kisha mmoja mmoja akakumbuka ana kwake. Ikabaki nyumba ya mama na binti, na mama aliyekuwa mwanamke wa mwili wake akaanza kupungua. Kitandani halali; usiku kucha yuko kwenye kiti cha sebuleni na shuka mabegani. Chakula anakigusa ili binti asiseme. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Filimbi aliona wazi kwamba kaka asipopatikana, mama naye hatakaa sana. Hilo hakumwambia mtu, lakini ndilo alilolala nalo na kuamka nalo.

Ndipo alipoanza kuipinda njia ya matembezi. Njia rasmi ilikuwa inapita kwenye sanamu, jengo la zamani la posta, soko la maua, makumbusho, kisha kando ya mto hadi darajani na kurudi. Filimbi akaikata vipande. Akawapeleka wageni nyuma ya viwanda, kwenye gereji za uchochoroni, kwenye nyumba za vyumba vya kulala wapita njia, kwenye maghala na viwanja vya vyuma chakavu. Kila siku upande wake. Alisimama mbele ya kiwanda cha sabuni na kueleza historia aliyoitunga papo hapo, chumvi juu ya chumvi, huku macho yake yakipita kwenye nyuso za wanaume waliokuwa wakitoka zamu. Nyuso zikiisha, na historia inaisha.

Na wageni wakapenda, hapo ndipo pa kuchekesha kama una moyo wa kucheka. Walisema hawajapata kuona mji kwa namna hiyo, kwamba viongozi wengine wanaonyesha mawe, huyu anaonyesha watu. Bosi, aliyekuwa amejiandaa kugomba, akameza ugomvi wake na kuyapa matembezi jina jipya, Mji wa Nyuma ya Mji. Filimbi aliposifiwa alitazama chini. Wageni wakadhani ni unyenyekevu.

Jioni, akishavua viatu, mama huuliza, "Leo mmepita wapi?"

Naye huanza kutaja, mtaa kwa mtaa, kona kwa kona, tangu lango la Bosi mpaka kurudi. Mama husikiliza ameinamisha kichwa, haulizi zaidi. Alikuwa na miguu mibovu, hajafika nusu ya mitaa ile maishani mwake, lakini aliifuata yote akiwa kitini.

*

Siku yenyewe wageni walikuwa wachache. Alikuwepo mwalimu mkuu mstaafu, mama wa makamo aliyevaa kofia ngumu kama taji. Maharusi wawili waliokuwa wameshaanza kununiana. Bwana mmoja mnene mwenye kamera. Na wengine watatu wanne wa kawaida, wasio na neno. Nyuma alikaa Babu Breki, fundi wa zamani aliyepewa nafasi ya kaka. Babu alikuwa mtu mwema, ila hata mlima akiupanda anashika breki.

Walipita nyuma ya hospitali, wakaingia barabara inayoteremka kuelekea makutano ya malori. Upande wa kushoto ulikuwa mtaa wa madobi, wanaofua mashuka ya hospitali na ya nyumba za wageni. Kamba zimetandwa kutoka ukuta huu hadi ule, mashuka yamejaa, huoni mbele. Filimbi alikuwa amekusudia kupita tu. Akatupa jicho kushoto, na kati ya mashuka mawili akaona mgongo wa mtu akiinua kikapu cha nguo mbichi: kwanza goti chini ya kikapu, kisha mikono. Hakuna mtu mwingine aliyeinua mzigo namna hiyo. Baiskeli zote za Bosi zilikuwa zimepakiwa kwenye gari kwa goti lile.

Akakata kona. Hakupiga filimbi, hakuinua mkono, hakumsimamisha mtu. Mashuka yakamfunika.

Mwalimu mkuu alikuwa amebaki nyuma kidogo akitengeneza taji lake. Alipoinua uso hakumwona kiongozi, na konani hapakuwa na mtu, basi akaenda nyoofu kama alivyofundishwa asubuhi ile. Waliomfuata wakamfuata. Babu Breki naye akafika pale, akatazama, kona tupu, akanyooka. Hakuna aliyekosea hata mmoja. Wote walitii sheria, na sheria ikawateremsha mpaka kwenye makutano ya malori.

Uani kwa dobi kaka alikuwa ameweka kikapu chini. Alikuwa na ndevu, na mwili umemjaa kidogo. Alimwona dada yake ameishika baiskeli kwa mikono miwili. Wakatazamana.

"Wageni wako wapi?" kaka akauliza.

"Kaka."

"Nimekuuliza wageni. Konani umemweka nani?"

"Sikumweka mtu."

Akamtazama vile wanavyotazamwa watu waliovunja kitu kisichounganika. Kisha kutoka bondeni ikasikika honi ndefu ya lori, na nyingine juu yake. Kaka alivuta baiskeli ya dobi, ile yenye tenga la nguo mbele, akamwaga mashuka mezani na kutoka mbio, dada yake nyuma.

Mungu aliwaonea huruma. Makutanoni msafara ulikuwa umesambaratika, kila mtu amekimbilia alikoona pana usalama, lakini hakuna aliyegongwa. Bibi harusi alikuwa upande mmoja wa barabara na bwana harusi upande wa pili, kila mmoja akimwita mwenzake mjinga. Bwana wa kamera alikuwa katikati ya vurugu akipiga picha. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, goti limechubuka, tairi halina upepo, hadhi yake iko palepale. Kaka akapita kwa kila mmoja, akapiga makofi mawili, akaelekeza kwa kidole. Wakaja, ingawa hawakumjua. Kuna watu wamezaliwa na kazi yao.

Babu Breki alipomwona alivua kofia.

"Mkia," alisema, "hata kuaga?"

"Samahani, Babu. Kaa katikati leo. Nyuma nakaa mimi."

Babu akarudisha kofia kichwani na kwenda kujaza upepo tairi la mwalimu. Wale ndugu wawili wakabaki kando ya mtaro.

"Mama yupo?" kaka akauliza.

"Yupo. Halali."

"Mwambie alale."

"Njoo umwambie mwenyewe. Mimi nimemwambia mpaka ulimi umeota sugu." Hasira zikampanda. "Kwa nini, kaka? Tumekutafuta mpaka kwenye majokofu ya maiti. Nilifunua shuka moja baada ya jingine nikiomba isiwe wewe. Na wewe uko hapa, unaanika mashuka."

Kaka alitazama malori. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Tangu baba aanze kuugua, kila kilichoanguka pale nyumbani nilikiokota mimi. Kazini nako naokota waliobaki. Sikulalamika, si ndiyo? Tulipotoka makaburini mjomba akanishika bega mbele ya watu, akasema, sasa wewe ndiye baba. Watu wakaitikia. Nikarudisha viti kama nilivyotumwa. Nilipotaka kugeuka kurudi, miguu ikakataa. Nilikaa pale nikiisubiri, nikaona basi, haitaki."

"Ungetuambia umechoka."

"Ningemwambia nani? Mama aliyefiwa na mume, au wewe uliyekuwa huli?"

Filimbi alitaka kumpiga na kumkumbatia, hakufanya hata moja. Mwalimu mkuu alikuwa ameshapanda baiskeli na kuwatazama kwa subira ya mtu aliyewahi kusubiri wanafunzi wengi.

"Mama anaisha, kaka," Filimbi alisema taratibu. "Sikutishi. Ukimwona hutamjua."

Kaka akakaza kamba ya kofia ya mwalimu, ingawa ilikuwa imeshakazwa.

"Tangulia," alisema. "Nitafunga msafara."

"Mpaka nyumbani?"

"Tangulia, mdogo wangu. Na usigeuke, utawayumbisha."

Akatangulia. Moyo ulimdunda kwa furaha mpaka akaona aibu, maana goti la mteja bado linatoka damu. Safari hii alifanya kila kitu barabara. Kila kona alimsimamisha mtu, kwa sauti, kwa mkono na kwa filimbi. Akisikia makofi mawili kwa mbali nyuma anatabasamu peke yake. Njiani alianza kupanga: ataingia yeye kwanza ndani, amtayarishe mama, asije akaanguka kwa mshtuko, kaka atanyoa ndevu au asinyoe, shauri yake, mjomba na maneno yake ya makaburini atamshughulikia yeye mwenyewe. Alipanga hata namna watakavyogawana mizigo ya nyumbani ili kaka naye apumue. Walivuka daraja. Alitamani kugeuka, shingo ikamuwasha, na hakugeuka, kwa kuwa aliambiwa asigeuke na kwa kuwa hajapata kumtilia shaka Mkia yule hata siku moja.

Walifika kwa Bosi. Wageni wakaingia langoni mmoja mmoja: maharusi wameshapatana, bwana wa kamera, wale wa kawaida, kisha mwalimu mkuu aliyekuwa amesimamishwa kwenye kona ya mwisho, na ubavuni mwake Babu Breki.

Nyuma ya Babu hapakuwa na mtu.

"Amenifikia pale baada ya daraja," Babu alisema, akishuka polepole. "Akasema cheni imelegea, nimshikie nyuma kidogo, anakuja. Nikamwamini. Sasa mwanangu, Mkia akikwambia anakuja, utasemaje?"

Filimbi hakumlaumu. Angemlaumuje, na yeye mwenyewe alikuwa na shingo ambayo hakuigeuza? Aligeuza baiskeli na kurudi peke yake, mbio, bila filimbi na bila kofia.

Uani kwa dobi mashuka yalikuwa yamesharudi kambani. Mwenye pale, mwanamke mwenye mikono mipana, alikuwa akipiga pasi.

"Ametoka sasa hivi," alisema. "Amerudisha baiskeli, akaniomba radhi kwa mashuka, akachukua begi lake. Nimemuuliza, mbona, nimekukosea nini? Akasema hapana, ila mahali pakishajulikana si pake tena. Wewe ni nani yake?"

"Dada yake."

Yule mwanamke akaisimamisha pasi. "Wa baiskeli," akasema. "Basi ni wewe. Kila mlipopita huko juu barabarani alikuwa akiacha kazi na kwenda kusimama kwenye pengo la ukuta. Anatazama mpaka wa mwisho apite. Nilikuwa namtania kwamba ana mchumba kwenye msafara. Akirudi anasema, wamepita wote, na anashika tena kazi yake."

Filimbi akaketi juu ya kikapu kilichopinduliwa. Karibu mwaka mzima alikuwa akiupekua mji, na mtu wake alikuwa hapo, akimhesabia wageni. Kama asingemwona, leo angekuwa bado yupo. Wazo hilo lilimwingia na halikumtoka tena. Yule mwanamke alimletea maji, akayashika mpaka yakapata joto la mikono yake, akayaacha palepale.

*

Njiani kurudi nyumbani aliamua kudanganya. Aliupima ule uongo vizuri. Kumwambia mama kwamba mwanawe yu hai na hataki kurudi ni sawa na kumzika mama akiwa macho. Heri aendelee kungoja. Anayengoja ana cha kushika. Akapiga moyo konde, akafuta uso, akaingia.

Mama alikuwa kitini, sinia la maharage mapajani, anachambua. Hata hakuinua macho.

"Leo mmepita wapi?"

Filimbi akavua viatu. Akaanza kama kawaida, na sauti yake ikamtii. Lango la Bosi, mtaa wa mafundi seremala, uwanja wa vyuma, ukuta wa shule, nyuma ya hospitali. Kisha darajani, kando ya mto, soko la maua, wakarudi.

Vidole vya mama vikasimama.

"Kutoka nyuma ya hospitali mpaka darajani," mama alisema, "hakuna njia isiyopita kwa madobi. Umenitajia mara nyingi. Barabara inayoteremka, madobi kushoto, makutano ya malori, ndipo daraja. Leo umeruka."

"Nimesahau tu, mama."

Mama hakubisha. Aliokota punje moja iliyooza, akaitazama, akaiweka pembeni. Jirani alikuwa akiburuta ndoo, na ndoo ikafika ilikokuwa inakwenda.

"Amekonda?" mama akauliza.

Uongo wote ule uliopimwa vizuri ukamwisha Filimbi mdomoni.

"Hapana, mama," akasema. "Amenenepa kidogo. Ana ndevu."

"Anakula basi."

"Anakula."

"Anakuja?"

"Aliniambia nitangulie."

Mama alitikisa kichwa, polepole, mara nyingi. Hakulia. Filimbi ndiye aliyelia, tena kwa sauti, kama hakuwahi kulia kwa ajili ya baba wala kwa ajili ya kitu kingine chochote, na mama akamwacha alie. Alipotulia mama akamsogezea sinia, ili wachambue wote wawili.

"Kesho uwapeleke wageni njia ya zamani," alisema. "Ile ya sanamu na maua. Usimtafute tena. Ukimtafuta atazidi kwenda mbali, na mguu wake umechoka. Huko kwingine mwachie yeye."